Saa ya Tatu Ukutani

Barua pepe ilitumwa saa tano na dakika kumi na saba asubuhi, Jumatatu, tarehe 29 Machi 2021. Muda huo umeandikwa juu ya barua yenyewe, na aliyeituma, karani wa mawasiliano katika kampuni ya kusafirisha mizigo, hana namna ya kuukana. Nakala yake ameibandika mbele ya meza yake. "Nikianza kuvimba kichwa," anasema, "naisoma."

Wenzake humwita Bwana Dakika. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake imekuwa kuwaambia wakubwa ni saa ngapi upande wa pili wa dunia, wasije wakawapigia wateja simu wakiwa wamelala. Ukutani ana saa nne, kila moja na jiji lake. Ya tatu ndiyo yenye maringo. Watu wa jiji lile husogeza saa zao mbele kila Machi na kuzirudisha Oktoba; wakishasogeza, huwa nyuma ya hapa kwa saa mbili badala ya tatu. Hesabu hiyo ameifundisha ofisi nzima, wakiwamo ambao hawakuuliza.

Jumatatu hiyo binti wa dada yake alikuwa na usaili wa video na chuo cha jiji hilohilo. Ufadhili wa kusomea ufamasia ulikuwa mmoja, na waombaji walibaki watatu. Usaili ungeanza saa nne asubuhi ya kule. Mjomba akamwombea chumba cha mikutano, maana mtandao wa ofisini haukatikikatiki.

"Mjomba, simu yangu inasema kwetu itakuwa saa sita mchana."

"Simu yako ina umri gani?"

"Miaka miwili."

"Basi iache ikue. Saa ile pale ukutani. Saa tano kamili uwe umekaa."

Hakupiga hesabu. Alitazama ukuta tu, kama vile wengine wanavyotazama simu.

Saa tano ikafika, kioo cheusi. Saa tano na robo, bado. Binti alipotoka kunywa maji, mjomba akaketi kwenye kompyuta yake na kuwaandikia wasaili: "Muda wa mwombaji nao una thamani. Tunatarajia maelezo." Aliandika "tunatarajia" kana kwamba nyuma yake kuna wizara nzima.

Mama wa usafi alikuwa akifuta meza ya jirani. "Bwana Dakika, mbona kati ya hapa na kule leo ni saa moja tu? Si ulitufundisha ni mbili?"

"Kwao saa zimebadilika jana. Nimeisogeza leo asubuhi."

"Na Ijumaa jioni, nilipokushikia kigoda, ulikuwa unaifuta vumbi?"

Karani akainua macho ukutani. Ijumaa aliisogeza mapema ili Jumatatu aikute tayari. Jumatatu akakuta shajara yake imeandikwa "sogeza saa", akatii.

Jibu la chuo lilifika kabla ya saa tano na nusu, fupi na lenye adabu: usaili ni saa nne, kule ni saa tatu na dakika ishirini na sita, na wasaili wako njiani.

Akamweleza mpwa wake huku akitazama viatu vyake mwenyewe.

"Wakiniuliza ni nani aliyeandika, niseme nini?"

"Sema ni mtu wa ofisini. Usiseme tunajuana."

Saa sita kamili kioo kikawaka. Swali la kwanza likawa hilohilo: ni nani aliyeandika? Karani, aliyebandika sikio mlangoni, alimsikia binti akivuta pumzi.

"Ni mjomba wangu," akasema. "Kazi yake ni kujua saa."

Wasaili wote wakacheka. Maswali yaliyofuata yalikuwa ya dawa, na hayo binti aliyajua.

Ufadhili ameupata, anaondoka Septemba. Oktoba, saa ya tatu itarudishwa nyuma. Atakayepanda kigoda ni mama wa usafi, na atairudisha mara moja tu.