Bomba Lililonishtaki

Kidole changu kimoja kililiwa na mashine ya mkonge, na msimamizi Mwakio akaniita mzembe. Sijamsamehe. Sasa niko karakana hapa Voi, tunachovya mabomba ya chuma cha kromiamu kwenye alumini iliyoyeyuka. Bomba likishaoshwa kwa asidi haliguswi na mkono mtupu, maana penye mafuta alumini haishiki.

Juzi nilitoka kula chapati, nikapapasa bomba nililoosha kama ng'ombe wa maonyesho. Lilipochovywa likatoka na doa.

“Aliyeshika hili anaenda nyumbani,” fundi mkuu akasema.

“Ni Otieno,” nikadakia. “Yeye na samaki wake wa kukaanga.”

Otieno akainama juu ya doa. “Mzee wangu, hebu hesabu vidole hapa.”

Vilikuwa vinne pamoja na gumba, na mkono wangu ulikuwa tayari umejificha mfukoni.