Nilimjibia Mzee Lennart

Najua utasema baridi ya Sweden imenipanda kichwani. Sawa, sema. Lakini gari lipo mpaka leo, redio imo ndani yake, na niliyeifunga ni mimi, kwa mikono hii. Nakueleza yalivyotokea, bila kuongeza chumvi.

Mimi ni fundi umeme. Siku za kazi natengeneza vigari vya kuvuta mizigo ya uwanja wa ndege, kule Märsta. Jumamosi nilikuwa nakwenda kwenye gereji moja nyuma ya mtaa wa Vällingby kumsaidia Lennart, mzee wa Kiswidi aliyekuwa akifufua gari la zamani la jeshi. Wenyewe humwita kwa jina tupu. Mimi mtu wa Morogoro nilishindwa, nikamwita mzee, naye akapenda.

Gari lilikuwa tayari, rangi mpya, matairi mapya. Ilibaki redio ya jeshi, sanduku la chuma la kijani, zito kama gunia la mahindi. Lazima likalie mipira minne, kila mmoja na boliti yake, la sivyo gari likitikisika taa za kioo zilizo ndani ya redio zinapasuka. Mzee alikuwa ameitafuta redio ya aina hiyo miaka mingi.

Kwa nini? Aliniambia siku ya kuifunga, tukinywa kahawa. Ujanani, jeshini huko kaskazini, alikuwa na rafiki yake Åke kwenye gari kama lile. Åke alitoka kwenda kunyoosha antena ya mbali, dhoruba ya theluji ikamfungia njia. Alikuwa na redio ndogo mgongoni.

"Aliniita, nami nilikuwa nimesinzia," mzee akasema. "Niliposhtuka, kimya. Sikumjibu hata mara moja."

Åke alipatikana kesho yake, ameganda. Mzee alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa: akae tena mbele ya redio ile na kumwomba rafiki yake radhi. Nilimwonea huruma sana.

Ilikuwa saa kumi alasiri, na Desemba huku saa hiyo ni giza totoro. Mzee alikuwa mwisho wa gereji anaosha vikombe, na masikio yake yenyewe mazito. Mimi nilikuwa ndani ya gari, nakaza boliti ya nne. Sasa sikiliza hapa. Waya wa betri nilikuwa bado sijauunga. Nilikuwa nimeuviringisha na kuubandika pembeni kwa utepe. Redio haikuwa na umeme hata chembe, naapa.

Hedfoni zilizoning'inia kwenye ndoano zikakwaruza. Kisha ikaja sauti ya kijana, kwa Kiswidi: "Lennart. Lennart, uko hapo?"

Sasa wewe umelelewaje? Kwetu mtu mzima akiitwa na hajasikia, aliye karibu humjibia. Ukinyamaza, unaambiwa huna adabu. Mdomo wangu haukungoja nifikiri. Nikapaza sauti, tena kwa Kiswahili: "Anakuja!"

"Haya," sauti ikajibu. "Mwambie namsubiri."

Kwa Kiswahili. Kiswahili kilichonyooka, kama cha jirani anayezungumza ng'ambo ya ua. Wewe ungefanya nini? Mimi spana ilinidondoka. Nikatazama waya wa betri, uko palepale chini ya utepe. Nilishuka garini nikamfuata mzee.

"Vipi, umepigwa shoti?" mzee akauliza.

"Mzee, unaitwa. Kwenye redio."

Alikuja, akautazama waya, kisha akanitazama mimi. "Umemjibu?"

"Ndiyo."

"Umemwambia nini?"

"Nimesema unakuja."

Hakushtuka, na hilo ndilo linalonishtua mpaka leo. Alifuta mikono kwa taulo, kidole kimoja kimoja. Akavaa koti lake na kufunga vifungo vyote.

"Umefanya vizuri," akasema. "Mimi nilishindwa."

Akapanda garini, akavaa hedfoni. Nikamwambia, mzee shuka, twende nyumbani. Aliinua kiganja kunituliza. Halafu akasema polepole, "Nipo, Åke," na kichwa chake kikainama.

Nilimshika mkono. Mtu aliyetoka kuosha vikombe kwa maji ya moto, ndani ya gereji yenye hita, mkono wake ulikuwa wa baridi kabisa. Na kwenye nyusi zake kulikuwa na barafu. Niamini, niliigusa kwa kidole. Watu wa gari la wagonjwa walipofika ilikuwa imeshayeyuka, wakasema ni moyo.

Binti yake alinishukuru msibani kwamba baba hakufa peke yake. Nilishindwa kumtazama usoni. Ningemwambia nini? Kwamba baba yake alikuwa mzima, anaosha vikombe, mimi nikamwahidi mtu kwamba anakuja, bila kumuuliza mwenyewe?

Gereji sikurudi tena. Boliti ya nne iko vilevile, imekazwa nusu. Hapa kwangu Tensta, mtu akisimama mlangoni akamwita mume wangu, nanyamaza hata kama mume yuko bafuni na hasikii. Mume anakasirika. Wageni wanasema nimeingiwa na kiburi. Waache waseme.

Nawe nakuomba, ukisikia mwenzako anaitwa na anayeita humwoni, funga mdomo. Mwache ajijibie mwenyewe. Mimi nilimjibia mzee Lennart, na alikwenda.