Rimu Tano za Hapana

Niseme mapema tusije tukalaumiana: shemeji yangu sikumpenda. Wala hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningepumzika. Alimwoa mdogo wangu wa kike, nikamwombea kazi kwa mdomo wangu mwenyewe kwenye gereji niliyokuwa nafanya kazi, na kabla ya mwaka kwisha wateja wakawa wanaingia getini, wananipita mimi, wanakwenda kumuuliza yeye. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili ya injini. Yeye alikuwa karani wa stoo.

Stoo yenyewe ilikuwa ya karakana ya jeshi. Hakuwa askari, alikuwa raia mwajiriwa tu, akagawa vipuri miaka kumi na tisa mpaka karakana ikafungwa. Kila boliti iliyopita mkononi mwake aliijua kwa namba, kwa uzito, na nadhani hata kwa ukoo wake. Mtu mfupi, suruali imepigwa pasi mpaka unaona aibu kumkaribia na grisi, leso mfukoni, kisu kidogo cha kukunja. Ukimletea kipuri ukamwambia ni cha gari fulani, anakigeuza mara moja tu, anasema, "Hapana." Hapandishi sauti, hacheki. Basi gereji nzima ikamwita Hapana, na yeye akaitika.

Siku wivu uliponishika shingo naikumbuka vizuri. Watu wa makumbusho walituletea mzoga wa lori la jeshi lililokuwa limetupwa nyuma ya kinu cha nafaka, mti umeota katikati ya bodi. Mama wa makumbusho, mwanamke mrefu asiyeachana na daftari lake, alitaka kujua ni lori la wakati gani, kisha tulifufue liwekwe kwenye ukumbi mpya. Nikajitokeza mimi. Nikafungua boneti, nikachungulia kabini, nikatoa hotuba: miaka ya hamsini, hakuna ubishi, malori haya nimekua nayo. Mama akaanza kuandika.

"Hapana," akasema shemeji.

Alikuwa amepiga magoti matopeni na suruali yake ya pasi, kisu mkononi, anaparuza rangi kwenye chasisi taratibu. Juu kijani. Chini yake rangi ya mchanga. Chini ya hiyo, kijani kingine, cheusicheusi. Akalowesha leso, akafuta, namba zikatokea. Kisha akatuonyesha matundu manne yaliyokuwa yanashika winchi, hayana kazi tena, yamejaa udongo.

"Kabini kweli ni ya miaka ya hamsini, shemeji hajakosea," alisema, na huko kunitetea ndiko kulikoniudhi kuliko yote. "Lakini imepandikizwa. Hii chasisi ni ya vita kuu ya pili. Na hizi rimu ni za lori la mizigo, matundu yake yamepanuliwa kwa moto wa gesi. Angalieni, yamekuwa kama mayai."

Tukaangalia. Yalikuwa kama mayai.

"Wewe una jicho," mama wa makumbusho akamwambia, akachana ukurasa wenye maneno yangu. Bosi akampa shemeji usimamizi wa kazi nzima palepale. Nikacheka na wenzangu, nikampigapiga mgongoni, nikaenda chooni nikasimama humo mpaka uso uliponipoa.

Kazi ilichukua zaidi ya mwaka. Ile injini niliifufua mimi, na sitii chumvi. Ilikuwa imeshikana kabisa. Niliilowesha dizeli majuma matatu, nikachonga bushi zisizopatikana popote, nikatengeneza gasketi kwa mkono. Ilipowaka mara ya kwanza ikanguruma, wageni walimpa mkono shemeji. Injini inafunikwa na boneti, na hakuna mgeni anayepigia makofi boneti.

Kilichobaki kikawa magurudumu. Lori lile lilitoka kiwandani na rimu za vipande viwili, zinazounganishwa kwa duara la nati pembeni. Nati hizo zilipakwa rangi nyekundu ili fundi asije akazifungua tairi likiwa na upepo, maana ukizifungua, rimu inapasuka na kichwa chako kinakwenda nayo. Nati za kutolea gurudumu ni nyingine, za katikati. Shemeji alichora mchoro wake akatugawia kila mtu, akatufanya tuukariri kama watoto wa darasa la kwanza. Bosi alimwambia aweke rimu zozote zinazoingia, nani atajua?

"Lori litajua," alisema. Watu wakavunjika mbavu, lakini hakuwa anatania.

Kila Jumamosi alipanda basi. Alikwenda kwenye mashamba, kwenye viwanda vya mbao, kwenye yadi za vyuma chakavu, akarudi Jumapili viatu vimejaa vumbi na mikono mitupu. Nilikuwa namwangalia anavyoshuka, na nakiri, nilifurahi.

Mwezi wa tatu bosi akanituma machimbo ya mawe kutengeneza injini ya mashine ya kusaga kokoto. Nilipomaliza nikaenda kunawa kwenye tela la maji lililokuwa nyuma ya kibanda cha mlinzi. Nikiwa nimeinama, macho yangu yakatua kwenye gurudumu. Duara la nati pembeni. Vipande viwili. Nikatoa bisibisi nikakwaruza nati moja, nyekundu ikatokea chini ya vumbi. Yalikuwa magurudumu manne, na rimu ya tano mlinzi alikuwa ameikalia.

Moyo ulinilipuka kwa furaha, hilo nataka lieleweke. Nilitoa simu nimpigie shemeji. Nikaifikia namba yake. Kisha nikamwona akilini amesimama na mama wa makumbusho, makofi yanapigwa, mimi nyuma nafuta spana. Nikairudisha simu mfukoni.

Msimamizi wa machimbo alifurahi kubadilishana; nilimpa magurudumu mazima ya lori la kawaida, akaniona nimerukwa na akili. Nikazipeleka rimu nyumbani, nikazilaza kwenye stoo yetu kati ya ndoo ya sabuni ya unga na gunia la vitunguu. Nikazipaka grisi zisile kutu, maana wivu ni wivu lakini chuma ni chuma.

"Haya madude ya nini?" mke wangu akauliza.

"Ya kazi."

"Ya kazi mbona hayapo kazini?"

Nikajifanya sikusikia. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: nimwache ahangaike, ashindwe mbele ya watu, halafu nizitoe mimi siku za mwisho kabla ukumbi haujafunguliwa. Wiki mbili, tatu. Lakini kila nilipojiandaa kuzitoa, jambo lilitokea likanichefua upya. Mara mwandishi wa gazeti anakuja kumpiga picha. Mara bosi anatuambia kwenye chai tuige mfano wake. Mara yeye mwenyewe ananiletea shati jipya eti kwa sababu langu limeungua kwenye ekzosi. Nililivaa, na rimu zikabaki stoo.

Mwezi wa nane mdogo wangu alikuja nyumbani mchana, peke yake. Akakaa kwenye kigoda jikoni, mgongo wake kwenye mlango wa stoo. Hakugusa chai.

"Kaka, mwenzangu haoni."

"Haoni nini?"

"Haoni pembeni. Jumamosi alikanyaga hewa akishuka basi, akaanguka. Ni presha ya macho, kumbe anayo siku nyingi, alinificha hata mimi. Daktari anasema kilichopotea hakirudi, dawa inachelewesha tu, na kwake imeshachelewa." Akajifuta kwa upande wa kanga. "Haombi kingine. Anataka alione lile lori limesimama kwenye rimu zake. Hilo tu, kaka, basi afadhali aingie gizani amelitazama."

Naandika haya nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu, kwa hiyo niyaandike yalivyokuwa. Wazo la kwanza halikuwa la huruma. Niliwaza: basi, lile jicho linaondoka. Na ndani yangu kuna kitu kilijinyoosha kikafurahi. Baadaye nilisikia aibu, nikamshika mdogo wangu bega, nikamwambia Mungu yupo. Aliondoka. Kutoka kigoda chake mpaka rimu palikuwa na hatua tatu.

Ungedhani nilizipeleka kesho yake. Nilijiambia siwezi kuzipeleka na uchafu ule. Nikanunua rangi. Nikazisugua, nikazipaka kijani mkono wa kwanza, nikangoja zikauke, mkono wa pili, nikangoja. Nikapaka nati nyekundu moja moja kwa brashi ndogo. Kazi nzuri, sijawahi kupaka vile. Ilichukua wiki tatu, na ingeweza kuchukua siku mbili. Kila jioni nilijua ninachofanya: nilitaka siku rimu zitakapoonekana, macho ya watu yawe kwangu, yasiwe kwake.

Nilizifikisha gereji Ijumaa asubuhi, zimepangwa nyuma ya pikapu. Ah, nilishangiliwa! Bosi alinikumbatia. Mama wa makumbusho alipigiwa simu akaja mbio.

"Umezipata wapi?"

"Machimbo ya mawe, wiki hii," nikasema, macho makavu.

Shemeji alikuja kutoka ofisini akifuata ukuta kwa kiganja. Wiki tatu zile zilikuwa zimemchukua kweli. Alibakiwa na mwanga na vivuli. Watu wakampisha. Akapiga magoti mbele ya rimu ya kwanza, akahesabu nati kwa kidole, akapitisha ukucha kwenye maungio ya vipande viwili, akatia mkono ndani kabisa. Mtu mmoja akaizima redio.

"Ndizo," akasema.

Makofi yakalipuka, na nusu yake yalikuwa yangu. Wenzetu wakakimbilia jeki. Tukabaki wawili pale chini, na yeye bado mkono wake umo ndani ya rimu.

"Shemeji," akasema polepole, "hizi hazikutoka machimboni wiki hii."

Nikajifanya nakagua nati.

"Kwenye nyuzi za boliti hakuna vumbi la mawe hata chembe. Huku ndani brashi yako haikufika, na grisi ya huku imekauka imekuwa ngozi. Grisi haikauki hivi kwa wiki moja. Halafu zinanuka sabuni ya unga." Akatoa mkono. "Zilikaa kwenye stoo ya nyumba. Miezi mingapi?"

"Sita."

Nilingoja anipige. Ningeshukuru. Akatoa leso, akafuta kidole kimoja baada ya kingine.

"Mwezi wa tatu nilikuwa naona mpaka pale getini," akasema.

Jeki zikaja. Tulizivisha rimu matairi, tukafunga magurudumu manne, la tano tukalining'iniza mahali pake nyuma ya kabini, tukalishusha lori. Limekaa juu, kifua mbele, zito na kamili. Nilishangaa kwamba mwaka mzima nilikuwa nalitazama bila kujua lilikuwa limepungukiwa. Mama wa makumbusho alipiga picha, akanipa mkono, bosi akatangaza soda kwa kila mtu, na wote wakaenda kibandani kunywa. Nilitakiwa kwenda nao. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo.

Shemeji alikuwa amekaa kwenye kreti, uso ameuelekeza kwenye lori, ila pembeni kidogo, karibu na ukuta. Nikaenda nikaligeuza kreti pamoja naye mpaka likaelekea sawa.

"Niambie," akasema. "Anza la mbele kulia."

Nikaanza. Nikasema limekaa vizuri. Akauliza tairi limeacha nafasi ya vidole vingapi chini ya madigadi. Nikaenda nikapima, nikamwambia vinne. Akauliza kama maandishi ya tairi yanasomeka wima au yameinama. Akauliza kivuli cha rimu kinaanguka wapi. Mambo ambayo mimi na macho yangu mazima nisingeyatazama hata mara moja. Hata pale, Mungu anisamehe, nilimwonea wivu.

Tulipofika la nyuma kulia akanyoosha mkono, akanishika kiwiko.

"Usijiue kwa mawazo, shemeji. Tulikuwa tunashindana, mimi najua, mtu akishindana huficha. Hukujua habari ya macho. Ungejua, usingezilaza hata siku moja."

Kutoka kibandani nilisikia bosi akiniita, soda yangu inapata moto. Ningeweza kusema ndiyo. Alikuwa amenifungulia mlango na mwenyewe anashikilia kitasa.

"Nilijua," nikasema. "Mdogo wangu alikuja nyumbani. Wiki tatu kabla."

Mkono wake ulibaki kwenye kiwiko changu muda, kisha akauondoa, akauweka gotini. Alipumua kwa pua, mara mbili, tatu. Nikafikiri atainuka, atapapasa ukuta, ataondoka, na sitaona tena mguu wake wala wa mdogo wangu nyumbani kwangu.

"Bado la nyuma kushoto," akasema.

Nikazunguka lori, nikachuchumaa, nikamsomea nati moja baada ya nyingine kwa sauti ya kutosha ili imfikie.