Siku Niliyowaita Wadaiwa Majina Harusini

Naona haya kuusimulia mkasa huu, na wanaonifahamu hapa Toronto watasema nimejipendelea, lakini heri muusikie kwangu kuliko kwa mke wangu, Mama Neema, ambaye akiusimulia huwa anasimama na kuniigiza.

Mimi ni sajini mstaafu wa jeshi la Tanzania, miaka ishirini na moja ya gwaride na stoo, na mwaka 2010 tulikuwa tunaishi Parkdale, ghorofa ya tisa, watu watano vyumba viwili, lifti inafanya kazi ikijisikia. Shemeji yangu wa Marekani alikuwa amenipigia simu kuniambia kwamba huko wanajeshi wastaafu wanakopeshwa nyumba kwa masharti mepesi kabisa, basi nami nikabeba cheti changu cha kustaafu kikiwa ndani ya fremu (nilikitoa ukutani, sikuona sababu ya kukitoa kwenye kioo) nikaenda nacho benki. Afisa wa mikopo alikuwa mama mmoja wa Kiismailia aitwaye Shirin, mzaliwa wa Tanga, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha wanangu. Alikisoma cheti mpaka mwisho kwa heshima zote, kisha akanieleza taratibu kwamba mpango ule ni wa Marekani, wa watu waliotumikia jeshi la Marekani, na hapa tulipo ni Kanada.

Nikamwambia basi, anipe mkopo wa raia wa kawaida, maana mimi sijawahi kudaiwa na mtu, kila kitu nalipa taslimu. Nilidhani atanipongeza.

"Hilo ndilo tatizo lako, Bwana Kalinga," akasema. "Mtu asiyewahi kukopa, sisi tutajuaje kama analipa?"

Akanipa masharti yake: nichukue kadi moja ya mkopo, niitumie kidogo, nisivuke theluthi ya kiwango chake, nilipe kabla ya tarehe, na nisiombe kadi ya pili kabisa. Nikayashika kama amri za kambini. Mwaka mzima nilinunua mkate na maziwa kwa kadi na kulipa siku ileile, na krediti yangu, yaani alama ambazo benki humpa mtu kwa jinsi anavyolipa madeni, ikapanda hadi Shirin mwenyewe akatabasamu. Tukapata nyumba Pickering, ina jiko ambalo watu wawili wanaweza kupishana, na Mama Neema alikuwa ameshaamua upande wa kupanda mchicha. Kilichobaki ni kusaini Jumatatu moja ya mwezi wa saba, baada ya benki kuikagua krediti yangu kwa mara ya mwisho.

Sasa, Jumamosi kabla ya hiyo Jumatatu ndiyo ilikuwa harusi ya Daudi wa kwaya yetu, na mweka hazina wa kamati nilikuwa mimi (mtu wa stoo, nani mwingine). Mnajua kamati zetu zinavyokwenda: kikao cha kwanza watu wanakunywa chai, wanachangamka, kila mmoja anataja ahadi yake kwa sauti, katibu anaandika, makofi yanapigwa, na kuanzia hapo kila mtu anaihesabu ile ahadi kama pesa iliyokwisha kulipwa. Ahadi zetu zilifika dola elfu saba. Ukumbi wa Mississauga ulitaka elfu nne, tena kwa kadi, na kadi yangu mwisho wake ni elfu nne na mia tano, basi nikajiambia kwamba nikilipa mimi leo na watu wakaniletea taslimu ndani ya wiki, benki itaona mwanaume anayezungusha fedha nyingi na itazidi kunipenda.

Wiki ikapita. Nikimpigia huyu yuko zamu, yule mshahara unatoka Ijumaa, mwingine ananiambia afande usiwe na wasiwasi, siku ya harusi nakuletea mkononi. Mara mpishi wa pilau naye anataka malipo ya awali, na mimi nikiwa dukani kununua soksi, binti wa kaunta akaniuliza kama ningependa kadi ya duka lao, inapatikana dakika kumi na inatumika popote, nikasema ndiyo (wakanipa na blanketi la bure, bado tunalo). Mama Neema sikumwambia.

Siku ya harusi mshereheshaji akanipa kipaza sauti niwashukuru wageni. Nilikuwa nimemwalika Shirin kwa shukrani, kaketi meza ya mbele kabisa na sahani yake ya pilau. Selina, katibu wetu, akanipa karatasi ya wasiolipa ahadi, akininong'oneza kwamba niipitie baadaye. Mimi nikaangalia ukumbi, nikawaona wadaiwa wangu wote wamekaa, wamependeza, wanatafuna, na hasira za usajini zikanipanda. Nikaanza kuwaita majina. Jina, ahadi, alicholipa. Wa kwanza akajibu "Nipo, afande", watu wakacheka, na kicheko kile kikanipa kichwa, nikaeleza ukumbi mzima kwamba kadi yangu imejaa mpaka juu kwa ajili yao, na pilau wanalokula limelipwa na kadi nyingine niliyochukua juzi dukani. Kwa pembe ya jicho nikamwona Shirin anaweka kijiko chini.

Nilipaswa kunyamaza hapo. Nikaendelea, na jina la kumi na moja nikalisoma kwa sauti ileile ya gwaride: "Sajini mstaafu Kalinga, ahadi dola mia tatu, amelipa sifuri."

Bibi harusi ndiye aliyeanza kucheka. Niliahidi wa kwanza kabisa, na kwa kuwa mweka hazina ni mimi, hakuna aliyewahi kunidai. Mama Neema akainuka, akafungua pochi, akaja mbele anahesabu noti za ishirini ishirini, na DJ akadhani wakati wa kutunza umefika, akaweka muziki. Wadaiwa wote wakapanga mstari nyuma yake, wanacheza huku wanalipa. Pesa ikapatikana yote, naapa. Shirin naye akaja akicheza polepole, akaweka zawadi yake kapuni, akanisogelea sikioni.

"Jumatatu usije, Bwana Kalinga. Njoo mwakani."

Nyumba ya Pickering ikachukuliwa na watu wengine. Mama Neema hakunisemesha siku nne, na iliniuma, maana zile nne nilijua kabisa nimezistahili. Niliapa sitashika tena hazina ya kamati wala kipaza sauti, na sijashika.

Tulisaini mwaka uliofuata, nyumba nyingine, ndogo kidogo. Shirin alisoma fomu mpaka swali la mwisho, akaniuliza kama nadaiwa na mtu mwingine yeyote. Nikasema hapana.

"Andika mia tatu," Mama Neema akasema. "Zangu."

Na Shirin akaandika.