Kidole cha Pete cha Fundi Soda

Mafundi wenzake walimbandika jina la Soda, maana kazi ikiisha wao wanaagiza bia, yeye anaagiza soda. Fundi bomba huyu hakuwahi kuonja pombe, na sababu alikuwa nayo. Baba yake aliimaliza nyumba kwa chupa, kisha chupa ikammaliza yeye. Soda ndiye aliyekuwa akimtoa mtaroni huku watu wanacheka. Aliichukia pombe mpaka harufu yake.

Sasa mtu kama huyo anakwenda kuposa, shati limenyooshwa, halafu baba wa binti anamletea rula. Rula, jamani! Mzee alisikia redioni kwamba wataalamu wamepima vidole vya walevi, wakaona mara nyingi kidole cha pete kimezidi cha shahada.

"Weka mkono mezani, kijana. Binti yangu simtupi mimi."

Soda akauweka. Heshima ilimponza. Mzee akafumba jicho moja, akapima. Cha pete kimezidi.

"Si unaona, mke wangu? Mlevi huyu, bado hajaanza tu. Na baba yake tulimjua. Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Damu ilimchemka Soda. Miaka yote anajichunga, kumbe hukumu yake iko kidoleni? Angeondoka zake saa ile ile, na mlango angeubamiza, ila binti alikuwa amesimama pale pale mlangoni, na Soda alimpenda kwelikweli.

"Baba," binti alisema, "hao walipima watu wengi, wakasema mara nyingi. Hawakumsema huyu. Lakini kama rula ndiyo hakimu, tumpime na kaka."

Kaka mtu alikuwa chumbani, amelala tangu arudi kilabuni alfajiri. Binti akamtoa anayumba, midomo imekauka, akamkalisha kitini. Mkono wake ulitetemeka hata mama yao ikabidi aukandamize mezani ndipo upimike. Mzee akapima, akarudia. Kidole cha pete kilikuwa kifupi, hakina kosa lolote.

"Haya, baba watoto," mama alisema, machozi yanamlenga. "Mwanao si mlevi, rula imesema. Mwambie basi aache kutetemeka."

Mzee aliinama, hakumtazama mtu. Kaka mtu alianza kuteleza kwenye kiti.

"Mwanangu," hatimaye mzee akamwambia Soda, kwa sauti ya chini, "nisaidie kumrudisha ndani shemeji yako."