Moto Usio na Kaa

Mtu akiniambia Kibiti hakuna baridi, simbishii. Najua tu kwamba hajawahi kuishi na mtu mzima mwenye kifua kibovu mwezi wa saba, kusi likivuma. Mama yangu alikuwa akitetemeka saa tatu ya asubuhi, jua limeshapanda, amejifunga kanga mbili na shuka juu yake. Mimi nikipita pembeni yake natokwa jasho.

Nilimtoa kijijini kwetu Mtunda baada ya daktari kusema maneno yaliyonitisha. Alisema mapafu ya mama yamechakazwa na moshi wa kuni, na akiendelea kukaa jikoni kwake mwaka haumalizi. Mama alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Tulipotoka nje akaniuliza gari la Mtunda linaondoka saa ngapi. Nikamwambia hakuna gari la Mtunda, kuanzia leo unakaa kwangu. Nilisema hivyo kama ninavyowaambia watu wa masijala kwamba faili halitoki, na ndivyo nilivyo, nikishaamua jambo nimeamua.

Jiko lake kule lilikuwa banda la makuti na mafiga matatu, na moto wake sikumbuki kuuona umekufa tangu utoto wangu. Jioni aliufukia kwa majivu, alfajiri akaufukua. Majirani hawakuhangaika na kiberiti. Walikuja na kigae au kumbi la nazi kupalia moto, yaani kuchukua kaa moja lililo hai wakawashie kwao. Na anayekuja kupalia haondoki hivihivi. Atachutama, atapuliza, atauliza umeamkaje, atasema na ya kwake, kaa litazimika mkononi achukue jingine. Haya yote niliyajua, nimekulia humo. Lakini nilipopanga kumhamisha mama niliwaza dawa, godoro na choo cha ndani, na moto niliuwaza kuwa ni joto basi.

Seredani ya mkaa daktari aliikataa. Nikanunua hita ndogo ya nyaya nyekundu, mama akaitazama siku mbili, akaigeuzia mgongo. Alisema hawezi kukaa anaota chuma. Anataka kuona moto unacheza. Ndipo nikaenda Dar es Salaam, kwenye duka linalouza vyombo vya nyumba za watu waliorudi kwao Ulaya, nikaulizia hita yenye moto wa bandia. Muuzaji akanihoji natoka Njombe au Makambako. Nilipomwambia Kibiti akacheka mpaka akakaa chini, kisha akanionyesha mbili. Moja ya kutundika ukutani, nyembamba, nzuri kwa macho. Nyingine ya kusimama yenyewe sakafuni, nyeusi, ina ukubwa wa kabati dogo la vyombo, ina miguu minne na kioo mbele, na ndani vigogo vya plastiki vinavyowaka rangi ya machungwa. Mimi niliipenda ya ukutani. Nikampigia mama simu kumuuliza, kwa kumridhisha tu.

"Moto hautundikwi, mwanangu," akasema. "Moto unakaa chini."

Nikachukua ya kusimama. Kwenye basi kondakta aliniuliza kama hiyo televisheni inashika mpira, nikamwambia inashika moto, abiria wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nilikuwa na furaha. Niliona nimempatia mama alichotaka.

Fundi umeme alikuja kesho yake, mtu wa makamo, mwenye maneno machache. Alikataa katakata tuichomeke kwenye waya wa kuunga unaolisha friji na televisheni, akasema hita hii inakula umeme mwingi, itayeyusha plagi na kutuunguzia nyumba. Akavuta waya mnene peke yake kutoka kwenye swichi kubwa ya nyumba, akafunga soketi mpya. Akanionya kuhusu pazia na chandarua, vikae mbali, na kanga isianikwe juu yake hata iwe mbichi kiasi gani. Akanionyesha vitufe viwili, kimoja cha mwanga wa moto, kingine cha joto, unaweza kuwasha mwanga bila joto ukitaka.

Ugomvi ulikuja mahali pa kuiweka. Mama alitaka katikati ya chumba. Fundi akaeleza kwamba mgongo wake lazima uelekee ukutani, na waya haufai kupita watu wanapokanyaga. Mama akaangalia ukuta, akaangalia ile hita, akawa kama anayepima ukubwa wa mkeka.

"Basi huu ni moto wa mtu mmoja," akasema. "Na wa kuja kupalia watapita wapi?"

Fundi akaniangalia. Mimi nikacheka, nikamwambia mama hapa ni mjini, kila nyumba ina gesi, hakuna anayepalia moto. Niliona nimesema jambo la kumfariji. Hita ikawekwa kando ya ukuta, kiti chake cha kamba pembeni yake, na vigogo vya plastiki vikaanza kucheza.

Joto lilimfaa, siwezi kulisingizia. Kikohozi kilipungua wiki ya pili, akaanza kula wali na samaki bila kuniomba nimwache. Akajifunza vitufe. Lakini siku moja adhuhuri umeme ulikatika, moto ukapotea mara moja, na mama akainama mbele ya kioo akitafuta. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema anaangalia kaa, moto gani huu unakufa usiache hata kaa. Nilimwambia umeme utarudi. Ulirudi, lakini yeye alibaki ameinamisha uso muda mrefu, na mimi nilikuwa na haraka ya kurudi kazini.

Nikiwa kazini alikaa peke yake kutwa. Majirani zangu ni watu wema, lakini nyumba za mjini zina mageti, na mtu haingii kwa mwenzake bila sababu. Mama hakuwa na sababu ya kuwapa. Mwezi ulipotimia akaniomba nimrudishe. Hakulia wala hakulalamika. Alisema tu kwamba mie nshapoa, niache nikawaone wenzangu. Nikamkumbusha maneno ya daktari. Akasema daktari amesema habari za kifua. Akaomba tena asubuhi ya pili, na ya tatu, mpaka hasira ikanipanda.

"Mama, unataka kufa?" nikamwuliza. "Kwa ajili ya watu wa kuja kuomba kaa?"

"Nataka mtu aniulize nimeamkaje," akasema.

"Mimi si nakuuliza?"

"Wee unauliza umeshavaa viatu."

Ilikuwa kweli, na kwa sababu ilikuwa kweli nikasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka nashika kichwa. Nilimwambia ukirudi kwenye moshi ule, ukizidiwa usimtume mtu kuniita. Nikafunga mlango nikaenda zangu. Majuto ni mjukuu, husemwa, lakini mimi yalinifika kabla sijavuka barabara, na bado sikurudi.

Mama akanuna. Siku tatu hakunisemesha ila kuitikia salamu. Anakaa kwenye kiti chake, kanga imemfika kidevuni, anatazama vigogo. Siku ya tatu, usiku, nilisukuma sahani kando. Nikajiambia mwanadamu haishi kwa mapafu peke yake. Nitampeleka, nitamtafutia mtu wa kumpikia, yeye akae nje barazani, moshi ubaki ndani, watu waje wamkute hapo. Asubuhi nikamwendea bosi wangu kabla hajakaa vizuri, nikaomba Ijumaa na Jumamosi. Akanipa. Saa tano sikuweza kungoja, nikadandia bodaboda nikarudi nyumbani kumwambia.

Jirani yangu wa mbele alikuwa anapeta mchele uani kwake. Ni mtu wa Mohoro, mama wa watoto wakubwa. Nikamwuliza kama amemwona bibi.

"Hajambo," akasema. "Moto wake naona unawaka dirishani tangu asubuhi."

Kwao Mohoro, kama kwetu Mtunda, nyumba ambayo moto wake uko hai huulizi habari zake. Moto usiochochewa haumalizi saa nzima, kwa hiyo ukiuona unawaka unajua kuna mkono wa mtu. Yeye aliangalia dirisha langu kwa macho hayo. Na mimi niliyeonyeshwa vitufe vile mwenyewe, niliyejua hita ile haihitaji mkono wa mtu, nilimsikia nikaridhika kabisa. Nikamshukuru nikaingia.

Alikuwa kwenye kiti chake cha kamba, ameinamisha kichwa. Bado kanuna, nikawaza. Nikavuta kigoda nikakaa upande wa hita, nikamshika mkono wa kulia. Ulikuwa na joto zuri. Nikafurahi kwamba leo baridi imemwachia.

Nikamwomba radhi. Nilimwambia nimekosa, neno lile nimelifuta, anisamehe kwa sababu yeye ndiye aliyenizaa. Nikamwambia nimepewa ruhusa, Ijumaa tunakwenda Mtunda, na akitaka kubaki atabaki. Nikamtajia nani na nani atawakuta. Hakunijibu. Nikaona ana haki ya kuninyima jibu kidogo, nikaendelea kusema, nikamsimulia hata ya ofisini, huku nikimpapasa vidole.

Kanga ilikuwa imemteleza bega la kushoto, nikanyoosha mkono kumfunika. Mkono wake wa upande ule, ambao joto la hita haliufikii, ulikuwa wa baridi kama jiwe.

Tulimrudisha Mtunda alasiri ya siku ileile, akazikwa kabla ya magharibi. Ilikuwa Jumatano.