KITUO 7 kwa Mama Pindo

Barabara yetu inatoka mjini kwenda vitongojini, na tangu alfajiri magari yamekabana shingo. Upande wetu kuna mstari wa maduka: langu la kunyoa, la Mama Pindo fundi cherehani, kisha la vifaa vya ujenzi la shemeji yake, ambaye kila mtu humwita Misumari. Mama Pindo alipata jina lake kwa sababu hakuna anayeshona pindo la suruali likatulia kama lake. Ni mwanamke wa maneno machache na macho makali. Marehemu mumewe alimwachia chumba kile na cherehani moja, naye akasomesha binti zake kwa hivyo hivyo. Akishika mkasi usimsemeshe. Mimi nilijaribu siku moja, nikajibiwa na mgongo.

Wapimaji walipokuja na chombo chao cha miguu mitatu, tulijua ni habari ya treni. Walituambia ni reli nyepesi. Nikawauliza itakuwa nyepesi vipi ikishatubeba sisi na mizigo yetu, wakacheka, wakaendelea kuchungulia. Walipoondoka walikuwa wameacha maandishi mekundu kwenye ukuta wa Mama Pindo: KITUO 7.

Basi tukajua neema imetushukia. Treni itasimama mlangoni kwetu. Misumari akawa anatembea kifua mbele kana kwamba reli ni ya baba yake, akabomoa kibaraza cha duka lake ajenge mgahawa wa abiria. Mimi nikanunua kiti cha pili cha kunyolea, ambacho mpaka leo mteja wake mkubwa ni paka.

Mama Pindo peke yake hakushangilia. Alisimama mbele ya ukuta wake, mikono kiunoni.

"Jirani," akaniambia, "mimi nikipiga chaki kwenye kitambaa, ama nashona hapo, ama nakata. Hawa hawakusema wamekuja na sindano au na mkasi."

"Wameandika kituo. Unataka wakuandikie nini tena?"

Akarudi ndani.

Baadaye gari la vipaza sauti likapita likitangaza kikao. Reli inaweza kupita upande wetu, au upande wa pili, kando ya uzio wa kiwanda kilichofungwa. Wakazi tutaulizwa tunataka wapi, na jibu letu litapelekwa juu. Tangazo lilisema pia kwamba watakaoguswa na mradi watalipwa fidia. Hilo la kuguswa tuliliona ni la watu wengine. Sisi tulikuwa na kituo.

Wiki ya kikao, mmoja wa wale wapimaji, mtu mzima mwembamba mwenye mvi za kwanza, alileta suruali mbili zipunguzwe urefu. Mimi nilikuwa nimeegemea mlango wa Mama Pindo, sina mteja. Yeye alikuwa amepiga magoti, pini mdomoni, anapima.

"Baba," akasema bila kuinua kichwa, "hapa kwangu treni itasimama?"

Yule bwana akatazama mlangoni. Mguu wake ukacheza.

"Usitikisike, pini itakuchoma."

"Mama," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini, "unapo pengine pa kuweka hii cherehani?"

Alipoulizwa maana yake, alisema yeye ni mpimaji tu, hana ruhusa ya kuzungumzia ramani. Akasubiri suruali moja ikamalizika, akaondoka nayo. Ya pili alisema ataifuata baada ya kikao.

Mama Pindo akaenda moja kwa moja kwa Misumari. Nikamfuata, maana ugomvi wa jirani huwezi kuusikilizia ukutani.

"Shemeji, watatubomolea."

"Nani kasema?"

"Hakusema. Kauliza."

Misumari akacheka mpaka akashika mbavu. "Shemeji, usitutie nuksi. Kaka yangu angekuwa hai angepiga makofi, wewe unaleta wivu."

"Wivu wa nini, na ukuta ni wangu?"

Akanigeukia mimi. Nilimwambia aache kutuvunja moyo, na kweli nilikuwa nimemkasirikia. Ukipenda chongo utaita kengeza, na mimi kile kituo nilikipenda.

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa shule. Joto lilikuwa kali na viti havikutosha. Mhandisi mkuu alionyesha ramani yenye mistari miembamba kama mishipa, akasema mengi, akajibu machache. Mwenyekiti akafunga maswali. Wanaotaka reli ipite upande wa maduka, akasema, wanyooshe mikono.

Misumari alinyoosha wa kwanza, akageuka kututazama. Mstari mzima wa maduka tukanyoosha. Karani akaanza kuhesabu.

Mama Pindo akasimama.

"Naomba kuuliza."

"Mama, maswali yamefungwa."

"Simuulizi mhandisi." Alimwonyesha kidole yule mpimaji, aliyekaa pembeni ya meza kuu amevaa suruali aliyomshonea pindo. "Namuuliza huyu baba. Ukutani kwangu mmeandika kituo. Abiria watashuka hapo?"

Mhandisi akamtazama mpimaji. Mpimaji akatazama viatu vyake. Watu wa nyuma wakaanza kuguna kwamba huyu mama akae, anatuchelewesha, na Misumari akasema kwa sauti, "Shemeji, unatuaibisha." Mama Pindo hakukaa. Mkono wangu ulikuwa bado juu.

Yule mpimaji akainuka.

"Hapana, mama. Kwetu sisi wapimaji, kituo ni mahali tunaposimamisha chombo. Treni haisimami pale."

"Sasa pale pana nini?"

"Inapita."

"Inapita wapi?"

Mhandisi akamwambia akae. Hakukaa.

"Juu ya chumba chako, mama. Na vya jirani zako wote."

Mikono ikaanza kushuka mmoja mmoja. Wangu ulishuka, na niliona haya kumtazama jirani yangu. Wa mwisho ulikuwa wa Misumari, ambaye hakuwa na kibaraza tena wala hakuwa na mgahawa. Mama Pindo alimwendea, akaushika ule mkono, akaushusha mwenyewe.

"Twende nyumbani, shemeji," akamwambia.

Kura zilihesabiwa upya, na reli ikapelekwa upande wa kiwanda. Sasa nguzo zinachimbiwa kule, na treni itatupita kwa mbali. Maduka yetu yapo. Ukuta wa Mama Pindo umepigwa rangi, ingawa watu wanaoelekezana bado husema shuka pale Kituo Saba.

Wapimaji wengine walirudi kung'oa alama zao. Tukawauliza habari za mwenzao. Wakasema hayupo tena kazini, wakaendelea na shughuli zao.

Suruali yake ya pili imetundikwa kwa Mama Pindo, nyuma ya cherehani, pindo limeshonwa na pasi imepigwa. Juzi mteja mmoja aliitamani, akaomba auziwe. Mama Pindo alimwambia ina mwenyewe. Akaishusha, akaipangusa vumbi, akaitundika tena.